Fungu na Sado: Namna ya Kumfundisha Mgeni Kulinganisha kwa Kiswahili

Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa Kijerumani aliyekuja Dodoma kujitolea, alirudi nyumbani Jumapili jioni akitokea harusini. Alikuwa amepanga kwa mama mmoja hapa mtaani kwetu Kikuyu. Mama akamuuliza chakula kilikuwaje. Binti akayapanga maneno kichwani, kama tulivyofanya mazoezi Ijumaa, kisha akasema kwa fahari: "Mama, pilau ya harusini ni tamu kuliko pilau yako."

Sarufi haikuwa na dosari. Ngeli ilikaa, "kuliko" ilikaa, hata lafudhi ilikuwa si haba. Mama akasema, "Haya mwanangu, basi kesho urudi huko huko harusini wakakupakulie," akaingia jikoni. Jumatatu binti akaniuliza kakosea wapi. Nilimwambia hakukosea yeye. Aliyekosea ni mwalimu wake, aliyempa kisu bila kumwonyesha upande wenye makali.

Makala haya nawaandikia walimu wenzangu wa Kiswahili kwa wageni. Kazi yetu imetanuka. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kwamba inahamia Dodoma kweli kweli. Mwaka 2019 SADC ikakipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika nao ukakipa nafasi katika vikao vyake. Wanaobisha hodi siku hizi si wamisionari peke yao kama enzi za wazee wetu. Wapo wahandisi, wapo wanafunzi wa vyuo, wapo waliooa na kuolewa huku. Wote wanafika upesi kwenye kiwango cha kununua maji na kuulizia njia. Halafu wanakwama palepale: kueleza kitu hiki na kile vinatofautianaje, na wao wanaegemea wapi.

Kukwama kwenyewe kuna sura yake. Mwambie mwanafunzi wa miezi mitatu, "Linganisha maisha ya mjini na ya kijijini." Atasema mjini kuna umeme, mjini kuna hospitali, mjini kuna kelele, kijijini kuna hewa safi, kijijini kuna ng'ombe, kijijini hakuna kelele. Atamalizia na ile sentensi ambayo sijui nani aliwagawia wote: "Kwa hiyo kila sehemu ina faida na hasara zake." Hapo hajalinganisha kitu. Amesoma orodha mbili zilizopishana njiani bila kusalimiana.

Nasi tunampa alama, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Mdahalo wa shuleni, na mwenyekiti wake, na mtunza muda wake, na upande wa kuunga mkono na upande wa kupinga, ulitupa ujasiri wa kusimama mbele za watu, na hilo silibezi. Lakini waliounga mkono walisifu chao, waliopinga wakasifu chao, na aliyepigiwa makofi mengi ndiye aliyeshinda. Sikumbuki hata siku moja mtu alisimama akaviweka vitu vyote viwili kwenye mizani moja.

Ule mfumo wa Baraza la Ulaya wa kupima viwango vya lugha, wa A1 hadi C2, uliotolewa mwaka 2001, una jambo la kutufunza hapa. Mwanafunzi wa A2, yaani anayeanza kujikongoja, anategemewa aweze kueleza kwa ufupi na kulinganisha vitu vya kawaida, kama vile mali alizonazo. Kueleza faida na hasara za njia mbalimbali kumewekwa B2, ngazi mbili juu. Sisi tunamrusha mwanafunzi kutoka sokoni moja kwa moja hadi bungeni, halafu tunashangaa anasoma orodha.

Basi turudi sokoni.

Mimi hupenda kuanzia Soko la Majengo, na nikishindwa kuwapeleka huko naleta soko darasani. Nanunua nyanya kwa vipimo viwili: mafungu mawili matatu, yale yaliyopangwa kubwa zikitazama mteja na ndogo zikijificha nyuma, na sado moja, lile kopo la rangi la lita nne ambalo nchi nzima inapimia nyanya, viazi, maharage hadi dagaa. Naweka mezani. Siandiki kitu ubaoni. Nauliza swali moja tu: "Ungekuwa unanunua wewe, ungechukua lipi?"

Kila mtu ana jibu. Fungu, sado, sado, fungu. Nikiuliza kwa nini, ndipo wanaanza kutapatapa, na kutapatapa huko ndiko ninakokutafuta. Mmoja atasema fungu ni rahisi. Mwingine atasema hapana, sado ni rahisi. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana hawaelewani: mmoja anahesabu pesa inayotoka mfukoni leo, mwenzake anahesabu nyanya moja imemgharimu shilingi ngapi. Huwezi kulinganisha fungu na sado mpaka umekubali kupima vyote kwa kitu kimoja. Mwanafunzi akiligundua hilo mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, amejifunza kulinganisha kabla hajalijua neno "kuliko".

Kinachowatenganisha wale wawili ni kigezo. Ndiyo maana maneno ya kwanza ninayoyaandika ubaoni ni "kwa upande wa". Kwa upande wa bei. Kwa upande wa ubora. Kwa upande wa mtu anayeishi peke yake na hana friji. Chini yake naongeza "ukiangalia" na "tukipima kwa", na ninaweka sheria moja ambayo haina msamaha: hakuna ruhusa ya kusema kitu ni bora mpaka umetaja ni bora kwa nani, au kwa kazi gani.

Kulikuwa na fundi mmoja wa Kituruki, mtu wa reli, mkimya. Zamu yake ilipofika akasema: "Kwa mimi, fungu. Mimi mtu moja. Sado nyingi, inaoza." Wenzake wakatabasamu. Nilimpa alama zote. Ametaja anapima kwa nini, amechagua, ametoa sababu, na sababu yake inagusa vitu vyote viwili. Aliyefuata alikuwa na Kiswahili kilichopigwa pasi, akasema, "Sado ni kubwa kuliko fungu." Sentensi safi, isiyomwambia mtu jambo lolote ambalo haoni kwa macho yake. Mwalimu anayesahihisha sarufi tu atampa huyu wa pili alama za juu, na kesho yake darasa zima litakuwa linatunga sentensi safi zisizo na habari.

Kazi ya nyumbani baada ya hapo ni moja. Nenda kwa muuzaji, msalimie kwanza, kisha muulize: "Mama, nyanya hizi na zile zina tofauti gani?" Rudi na jibu kama lilivyotoka mdomoni mwake. Wanarudi na vitu kama hivi: "Hizi ngumu, zinakaa. Hizo za leo leo." Au: "Hizi za mchuzi, hizo za kachumbari." Sasa waambie wanafunzi waitafute "kuliko" humo. Haimo. Mama wa sokoni amelinganisha kwa maneno sita au saba bila kuitumia, kwa kuvisimamisha vitu viwili ubavu kwa ubavu na kuvipima kwa jambo lilelile: muda wa kukaa, au mapishi. Wageni wengi hustaajabu, maana vitabu vyao vimewaambia kwamba kulinganisha kwa Kiswahili ni "kuliko" na basi.

"Kuliko" ni mkubwa wa ukoo, hilo halina ubishi, lakini ana ndugu na kila mmoja ana tabia zake. Kivumishi cha Kiswahili hakibadiliki kwa ajili ya kulinganisha: treni ni ya haraka, treni ni ya haraka kuliko basi. Mwanafunzi aliyetoka kwenye lugha za Ulaya anatafuta neno la kulitanguliza, ndiyo maana anasema "zaidi mrefu". Mzoeshe mapema kwamba "zaidi ya" huipenda hesabu, zaidi ya kilomita mia nne, zaidi ya watu kumi, na kwamba urefu tunausema kwa "kuliko", au kwa kitenzi: anamzidi, anamshinda, anampita. Kitenzi cha namna hii ndicho ninachokipenda, kwa sababu kinadai kigezo chake chenyewe. Ukisema "treni inalizidi basi", msikilizaji atakusubiri umalizie. Kwa nini? Kwa mwendo. "Kuliko" haimdai mtu kitu.

Kikilinganishwa kimoja na vingi, ngeli inarudi kudai haki yake: basi la haraka kuliko yote, treni ya haraka kuliko zote, kiti kizuri kuliko vyote. Hapa pana makosa mengi na wala hayaniumizi kichwa. Yataondoka kwa kusikia.

Kinachoniumiza kichwa ni upande wa chini. Mgeni anataka kusema basi lina haraka pungufu kuliko treni, na anaitafuta hiyo "pungufu" kwenye kamusi hadi jasho linamtoka. Sisi hatusemi hivyo. Tunasema basi si la haraka kama treni. Kukanusha pamoja na "kama", kazi imekwisha. Ni mlango ambao hakuna anayeuona mpaka umwonyeshe, na akishauona anaanza kuongea kama mtu wa huku.

Halafu kuna "afadhali", "heri", "bora" na "nafuu". Haya huwa nayachelewesha hadi wiki ya tatu, kwa sababu yanabeba hukumu ndani yake. Mtu akisema "afadhali treni" ameshapima, ameshachagua, amebaki kutoa sababu. Wafundishe na umbo la kitenzi kinachofuata, afadhali kutembea kuliko kupanda bodaboda, maana wengi husema "kuliko ninapanda". Methali husaidia kuligandisha kichwani: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. (Binti wa pilau aliiandika kwenye jalada la daftari lake.) Na usisahau "afadhali" inayosimama peke yake. Muulize mgonjwa anaendeleaje, akujibu "afadhali". Kwa neno moja ameilinganisha leo na jana, na jana hakuitaja kabisa.

Baada ya vitu vya kushika mkononi njoo kwenye huduma, na hapa Dodoma tumepewa zawadi. Treni ya umeme ilianza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam hadi hapa Julai 2024. Nauli ya kawaida iliyotangazwa ilikuwa shilingi 31,000, haikuwa mbali na ya basi, na hilo ni jambo jema kwa mwalimu: bei ikiwa haiwatenganishi, mwanafunzi analazimika kutafuta kigezo kingine. Cha kwanza wanachokitaja wote ni muda. Treni inachukua saa tatu na ushee hadi nne, basi linaweza kukula saa nane. Somo likiishia hapo limekuwa jepesi mno, treni imeshinda, watu wanafunga daftari.

Ndipo ninapogawa watu. Wewe ni mama wa Gairo, unakwenda kwenu na magunia mawili. Wewe ni mfanyabiashara wa Kariakoo, unataka kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Wewe unakaa Kimara. Wewe umepata taarifa ya msiba usiku huu na hujakata tiketi ya kitu chochote. Mara moja mizani inapinduka. Basi linapita Kibaigwa, Gairo na Dumila. Reli imepita upande wa Kilosa, kwa hiyo mama wa Gairo treni haimsaidii hata ingekuwa ya bure. Basi linaishia stendi ya Magufuli kule Mbezi, wakati stesheni ya treni iko mjini, mwendo mfupi kufika Kariakoo. Kwa mtu wa Kimara, Mbezi ni karibu na nyumbani. Kila mmoja anamshauri mwenzake asafiri na nini, na hakuna anayeweza kujificha nyuma ya "kila usafiri una faida na hasara zake", kwa sababu mama wa Gairo amekaa mbele yake na magunia yake anataka jibu.

Kuna kanuni moja ya msikilizaji ambayo imebadilisha madarasa yangu kuliko kitabu chochote nilichowahi kununua. Kabla hujasema lako, taja mwenzako amepima kwa nini. "Mwenzangu amepima kwa muda. Mimi napima kwa mzigo." Sentensi mbili fupi, mwanafunzi wa A2 anaziweza. Lakini zinamlazimisha asikilize badala ya kukaa akitunga yake kichwani, na zinafanya mazungumzo yawe na nyuzi zinazopita kutoka mtu hadi mtu. Wiki ya kwanza wanaona ni mchezo wa kitoto. Wiki ya pili wanaanza kubishana kwa raha.

Ukitaka kuona jambo hili likifanywa na mabingwa, kaa kijiweni siku ya mechi. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, nani mkubwa? Mtu wa Yanga atakupimia kwa ubingwa wa ligi, maana hapo timu yake inaongoza. Wa Simba atahamisha mizani haraka kuipeleka Afrika, akutajie fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 na ya Shirikisho mwaka 2025. Wa Yanga atamkumbusha fainali ya Shirikisho mwaka 2023 ilichezwa na nani. Watu wanadhani pale panabishaniwa timu. Panabishaniwa kigezo, na kila mmoja anajua akikubali kigezo cha mwenzake amekwisha. Wanafunzi wangu nawapeleka pale wakiwa na kazi moja: wasijali nani kashinda ubishi, waandike tu kila mara mizani ilipohamishwa na ilihamishwa kwa maneno gani. "Hayo achana nayo, wewe niambie..." ni msemo uliorudi kwenye daftari nyingi.

Upande wa kufanana tunausahau sana. Tumeng'ang'ania tofauti kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kumaliza mwaka hajui kutumia "zote mbili", "vilevile" na "-fanana na" ipasavyo. Kwa hilo natumia jina la mtaa wetu. Kuna Kikuyu hii ya Dodoma na kuna Kikuyu ya Kenya, katika Kaunti ya Kiambu. Wageni hudhani nawatania. Yetu ilikuwa na shule ya misheni iliyoitwa Alliance, ikaja kuitwa Mazengo kwa jina la mtemi wa Wagogo, na tangu mwaka 2007 mahali pale pana Chuo Kikuu cha St. John's. Ya kwao ina Alliance High School, iliyoanza mwaka 1926 na ipo hadi leo. Jina moja, shule za misheni zenye jina moja, halafu ghafla mambo yanaachana: ile ni nchi ya baridi, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ina mashamba ya kijani, yetu iko kwenye mita 1,100 na kidogo, ina mvua ya msimu mmoja, mibuyu, zabibu na vumbi. Kazi yao ni kusema mambo matatu yanayofanana kabla ya kuruhusiwa kutaja tofauti hata moja. Ni ngumu kuliko inavyoonekana.

Mawazo yaje mwisho, na yawe mawazo ambayo watu wa hapa wanayazungumza kweli. Mimi hutumia suala la bweni. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Kila mzazi wa Kitanzania ana lake la kusema juu ya hilo, na mgeni aliyepanga kwenye nyumba yenye watoto ameshasikia nusu ya mjadala wakati wa chakula. Tunaweka vigezo ubaoni kabla mtu hajafungua mdomo: malezi, masomo, usalama, kazi ya mzazi. Kila mzungumzaji anachukua kimoja tu. Anayetaka kuhama aombe ruhusa kwa maneno: "Tukiacha suala la masomo, tukaangalia malezi..." Utaona mwanafunzi wa kiwango cha kati anajenga hoja ya dakika mbili bila kuhema, kwa sababu njia ameiona hadi mwisho.

Kuhusu kuhema, ipo mbinu ya dakika nne, tatu, mbili, iliyoenezwa na Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji wa lugha kutoka New Zealand. Mwanafunzi anaeleza ulinganisho wake kwa mtu wa kwanza kwa dakika nne, anamgeukia wa pili kwa dakika tatu, wa tatu kwa mbili. Maneno ni yaleyale, muda ndio unaopungua. Kufikia mtu wa tatu vigugumizi vimekwisha na yasiyo ya lazima yamedondoka. Mimi naongeza chumvi kidogo: msikilizaji wa tatu lazima awe wa maoni tofauti.

Wakati haya yakiendelea usisahihishe. Najua mkono unawasha. Kaa na karatasi, andika makosa, ukimaliza chagua matatu tu. Makosa yanayovuruga maana yaje kwanza: aliyesema "kama" akimaanisha "kuliko" amesema treni na basi ni sawa, na hilo si dogo. "Mtu moja" inaweza kusubiri.

Walimu wa Kiingereza wa kidato cha kwanza, nanyi nina neno moja. Mtoto aliyemaliza darasa la saba kwa Kiswahili mnamwambia alinganishe mawazo kwa lugha aliyoanza kusomea karibu masomo yote mwezi uliopita, halafu mnasema hana mawazo. Mwacheni atafute kigezo kwa Kiswahili, hata kwa Kigogo akipenda, abishane na jirani yake dakika tano, ndipo asimame aseme kwa Kiingereza. Sioni ubaya wake, na nimeshasikia hoja za wanaouona.

Nirudi kwa mama wa pilau. Kwetu kulinganisha vitu vya watu mbele ya wenyewe ni jambo zito, na hatulifanyi kwa "kuliko" kavu. Tunalifunika: nionavyo mimi, si mbaya, ilizidi kidogo, ilijitahidi. Binti aliniuliza swali la haki kabisa: "Kwa hiyo nidanganye?" Hapana. Chagua kigezo ambacho mwenyeji wako anashinda, na kiwe cha kweli. Pilau ya harusini ilikuwa na nyama nyingi na mafuta mengi. Ya mama inaliwa kila wiki bila kumkinai mtu. Akaenda akamwambia: "Mama, ile ya harusini ilikuwa nzuri, ila si ya kula kila siku. Yako haichoshi." Mama akamwambia aache maneno mengi, anawe mikono. Jumapili iliyofuata kulikuwa na pilau.

Basi, mwalimu mwenzangu, wiki hii usitengeneze kadi wala usichapishe jedwali. Pitia sokoni, nunua sado moja na mafungu mawili, ingia nayo darasani. Kipindi kikiisha usizirudishe nyanya nyumbani. Wagawie, wachague wenyewe. Watagombania zipi za mchuzi na zipi za kachumbari. Wewe kaa pembeni, nyamaza, uandike.